Kata ipi ianze kupimwa sukari? Usiianzie rejista ya kliniki

Mkuu, umeuliza hivi: halmashauri yenu imepata fedha za kupima watu sukari kwenye kata tano tu kati ya ishirini na kitu, mganga mkuu anataka orodha kabla ya Ijumaa, sasa utajuaje wapi watu wako hatarini zaidi? Mdau mmoja hapo juu kakushauri uchukue ile asilimia 9 ya waliokutwa na kisukari kwenye utafiti wa STEPS wa 2012 (ule wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza), uizidishe na idadi ya watu wa kila kata kwenye sensa ya 2022, uchague tano za juu. Kwa heshima zote, hapo utakuwa umepanga kata kwa ukubwa, basi. Weka asilimia 2 au weka 30, orodha itatoka ileile. Tena ile 9 ni ya watu wa miaka 25 hadi 64 nchi nzima. Mtoto wa darasa la pili hakuwemo.

Nakujibu kwa sababu kosa lako la kesho mimi nilishalifanya. Nilikuwa mtu wa takwimu kwenye halmashauri moja huku mashariki, jina silitaji. Nilichukua taarifa za MTUHA, yaani zile ambazo vituo vya afya hujaza kwenye rejista zao, za mwaka mzima, nikahesabu wagonjwa wa kisukari kwa kata, nikachora ramani. Ilipendeza kweli. Nyekundu tupu kuizunguka hospitali ya wilaya, na kadiri unavyosogea mbali rangi inapauka. Kata moja ng'ambo ya mto ilikuwa nyeupe kabisa: sifuri. Kikaoni mtu akasema, "Wale wanalima, wanakula dona, sukari wataitoa wapi?" Tukacheka, tukapitisha.

Miezi michache baadaye nikaenda huko kwa shughuli za chanjo. Nikamuuliza mganga mfawidhi wa zahanati kuhusu ile sifuri yake. Hakunijibu kwanza. Akavuta droo, akatoa mashine ya sukari imeviringishwa kwenye mfuko wa nailoni, na kopo la vijiti vya kupimia. Akalitikisa. Kimya.

"Kaka, vijiti viliisha kabla sijahamia hapa. Mtu akija na kiu na kukojoa usiku kucha, namwandikia aende wilayani. Nauli anaijua mwenyewe."

Na wale wachache waliokwenda? Mapokezi wakiulizwa wanakaa wapi, wanataja kwa mtoto wao au shemeji waliyefikia mjini. Kwa hiyo mgonjwa wa ng'ambo ya mto nilikuwa nimemhesabu kata ya mjini, na mji ukazidi kuwa mwekundu. Ramani yangu ilionyesha nani ana vijiti na nani ana nauli.

Kwa hiyo kitu cha kwanza, kabla hujafungua kompyuta, omba leja za zahanati uone kila kituo kilikuwa na vijiti miezi mingapi. Kituo kisicho na vijiti usikiandikie sifuri, andika "hakijapima". Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, na ndipo orodha nyingi zinapoharibikia.

Cha pili kilichonisaidia ni kitabu cha chumba cha upasuaji cha hospitali ya wilaya. Tafuta waliokatwa vidole au miguu kwa vidonda vya kisukari, halafu fuatilia kijiji cha nyumbani, usiridhike na anwani ya mapokezi. Mtu hafiki huko kwa ugonjwa wa jana, kakaa nao miaka bila kujua. Mimi nilipofanya hivyo, ile kata nyeupe ikajitokeza mara kwa mara, na kata mbili za mjini zilizokuwa nyekundu sana hazikuonekana kabisa. Angalizo: majina yaache kitabuni. Kwenye kitongoji chenye kaya 40, ukiandika "mwanamke, miaka 52, kakatwa mguu" umeshataja jina.

Cha tatu ni umri, na hapa lazima ugawanye. Tuseme kata A ina wagonjwa 60 na watu 20,000, kata B ina wagonjwa 40 na watu 16,000. A inaonekana imezidi. Sasa tuseme wagonjwa wote ni wa miaka 45 kwenda juu, na wenye umri huo A wako 4,000, B wako 1,600 tu. A inakuwa na 15 kwa kila 1,000, B inakuwa na 25. B ni kata ya vijana, ila wazee wake wana hali mbaya. Mgawanyo wa umri muombe mtakwimu wa halmashauri, na usichoke kumsumbua.

Kitabu cha wodi ya wazazi nacho kina kitu: waliojifungua watoto wa kilo 4 na zaidi, maana sukari ya mama ikiwa juu mtoto huweza kuzaliwa mkubwa. Si ushahidi, ni dokezo.

Ile hoja ya "wanalima hao" ina mizizi. Mwaka 1989 utafiti wa vijiji sita vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara ulikuta wenye kisukari hawafiki 1 kati ya 100, na wakubwa wengi bado wanakiona kijiji kile. Bodaboda haikuwepo. Ng'ambo ya mto vijana wamehamia Dar, waliobaki ni wazee, shamba limekodishwa, na hata kanisani watu wanakwenda kwa pikipiki.

Mwaka uliofuata tulikwenda kupima pale, watu hawajanywa chai. Kumbuka kutoboa kidole mara moja hakutoshi: asiye na dalili akisoma 7.0 mmol/L au zaidi, anarudiwa siku nyingine. Wa kwanza kukaa alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, mzee mcheshi, kaja kuwatoa watu hofu. Mashine haikutoa namba, ikaandika "HI". Mjukuu wake akamsomea, mzee akageukia foleni akacheka: "Mnaona? Inanisalimia." Muuguzi hakucheka. Mashine huandika hivyo sukari ikipanda kupita pale inapoweza kuhesabu. Akaniita pembeni, akaniomba gari.