Cheti kinasema biskuti hazina karanga, mteja amepata mzio: nani kakosea?

Swali: Nasimamia ubora katika kiwanda kidogo cha biskuti. Mitambo ileile inatengeneza biskuti za karanga na za kakao, kwa zamu. Tulipeleka maabara pakiti moja ya biskuti za kakao, cheti kikarudi kimeandikwa "karanga: chini ya 2.5 mg/kg, ELISA". Baadaye mteja mwenye mzio wa karanga alikula biskuti za kundi hilohilo, akatokwa na vipele na kubanwa kifua. Je, maabara ilikosea? Tuhamie PCR, yaani kipimo cha DNA?

Jibu: Kabla ya yote, ndugu, zuieni kundi hilo lisiendelee kuuzwa na muwatangazie walionunua. Msisubiri kipimo cha pili. Mtu aliyebanwa kifua ni ushahidi mzito kuliko cheti.

Maabara huenda haikukosea hata kidogo. ELISA ni kipimo kinachotumia kingamwili, yaani protini zinazonasa protini inayotafutwa. Seti zake nyingi hupima gramu 1 tu ya chakula, kwa hiyo cheti chenu kinaisemea gramu hiyo, wala si kundi zima. Tuseme pakiti ya gramu 200 ina vipande viwili vya karanga, kila kimoja miligramu 5, yaani upana usiofika milimita 2. Ukigawanya, pakiti hiyo ina wastani wa 50 mg/kg, mara 20 ya kikomo kilichoandikwa kwenye cheti. Lakini mpimaji akimega biskuti moja na kuchukua gramu 1, uwezekano wa kukutana na kipande ni kama 1 kwa 100. Robo hivi ya uzito wa karanga ni protini, basi vipande hivyo viwili vina takriban miligramu 2.5 za protini. Wataalamu wa FAO na WHO wameweka kiwango rejea cha karanga kuwa miligramu 2 za protini, kipimo ambacho takriban asilimia 5 ya wenye mzio wa karanga wanatarajiwa kuonyesha dalili. Atakayekula vyote viwili kwa mkupuo amekwishakivuka.

Dawa yake ni kusaga pakiti nzima mpaka iwe unga mmoja ndipo gramu 1 ichotwe. Biskuti za kakao zina mafuta, zikisagwa na joto hugeuka tope linalong'ang'ania kwenye visu, hivyo zigandishwe kwanza, ikiwezekana kwa naitrojeni kimiminika. Mashine ya kusagia ioshwe na kukaguliwa kati ya sampuli na sampuli, la sivyo itahamisha karanga yenyewe. Na pakiti moja haitoshi. Chukueni za mwanzo kabisa baada ya kubadili kutoka biskuti za karanga, kisha za katikati na za mwisho. Zile za mwanzo ndizo hubeba mabaki mengi, na mara nyingi ndizo zinazosahaulika.

Sasa tuje kwenye kakao, ambayo ni adui wa kipimo hiki. Kwa kawaida gramu 1 ya unga huchanganywa na mililita 20 za bufa (kimiminika cha kuyeyushia protini), ikatikiswa kwenye nyuzi joto 60 za Selsiasi kwa dakika 10 hadi 15, ikazungushwa kwa kasi kwenye mashine ya sentrifuji ili chembe zitue chini, na maji ya juu, yaani dondoo, yakapimwa. Tanini za kakao, zile kemikali zenye ukakasi, hunasa protini za karanga zisitoke kuingia kwenye bufa. Ndiyo maana seti nyingi huagiza kuongeza takriban gramu 1 ya maziwa ya unga yasiyo na mafuta, ili tanini zishibe protini ya maziwa na kuiachia ya karanga. Kama dondoo hilohilo litapimwa maziwa pia, hutumika jelatini ya samaki. Mpimaji akiruka hatua hii, matokeo yatashuka bila dalili yoyote kwenye sahani ya kipimo.

Joto la tanuri linaongeza shida. Protini iliyookwa pamoja na sukari huungana nayo, ikawa ngumu kuyeyuka, na umbo lake hubadilika kiasi kwamba kingamwili za kwenye seti huenda zisiitambue. Mwili wa mwenye mzio bado unaweza kuitambua. Muulizeni mpimaji: alifanya jaribio la urejesho? Maana yake ni kutia kiasi kinachojulikana cha karanga, kwa mfano 10 mg/kg, kwenye biskuti isiyo na karanga na kuona inarudi kiasi gani. Kati ya asilimia 50 na 150 hukubalika kwa ELISA za mzio. Lakini unga wa karanga ukitiwa kwenye biskuti iliyokwisha kuokwa, athari ya tanuri haionekani. Jaribio la haki ni kukanda unga wa karanga ndani ya donge, kuoka kama mnavyooka siku zote, kisha kupima. Nyinyi wenyewe mnaweza kuwatayarishia maabara biskuti hizo, ila zipikwe mbali na mitambo yenu.

Kosa dogo lenye madhara makubwa ni kipimo cha uzito. Cheti kinahesabu karanga nzima au protini ya karanga? 2.5 mg/kg ya karanga ni kama 0.6 mg/kg ya protini, na nimeona mahesabu ya hatari yakipotoka mara nne kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Kuhusu PCR, msihamie, iongezeni. PCR hutafuta DNA ya karanga, na kinachomdhuru mgonjwa ni protini. Kiungo chenye protini iliyosafishwa kinaweza kuwa na DNA kidogo mno. Tena tanini zilezile za kakao huzuia kimeng'enya cha PCR kufanya kazi, hivyo jibu la "hakuna" halina thamani kama maabara haikuweka DNA ya udhibiti ndani ya kila mrija kuthibitisha kwamba mmenyuko ulifanyika. Joto nalo hukatakata DNA, basi kipande kinachotafutwa kiwe kifupi, chini ya jozi besi (herufi za DNA) 150 hivi.

Nguvu ya PCR iko pale ELISA inapodanganywa na jamaa wa karibu. Kingamwili za jozi (walnut) huweza kushika kokwa za pekani, za korosho huweza kushika pistashio, na za lozi hushika mbegu nyingine za jamii ya Prunus, ukoo wa mlozi. Mwaka 2015 huko Uingereza bizari nyembamba ya kusaga iliondolewa madukani kwa kushukiwa kuwa na lozi. Uchunguzi wa kina ukaonyesha ni mahaleb, mti wa jamii hiyohiyo.

Kwa biskuti zilizookwa, kipimo cha pili ambacho ningelipia kwanza ni spektrometa ya masi, mashine inayotambua vipande vya protini kwa uzito wake. Protini hukatwa kwa kimeng'enya cha tripsini, mara nyingi usiku kucha kwenye nyuzi 37, kisha hutafutwa peptidi (vipande vya protini) za Ara h 1 na Ara h 3, ambazo ni protini za karanga. Hakihitaji kingamwili wala umbo la protini, na kinaweza kutafuta korosho, lozi na jozi kwa mkupuo mmoja. Hata hivyo, protini isiyotoka kwenye bufa haitaonekana hapa pia, kwa hiyo swali la urejesho liulizeni tena.

Pelekeni pakiti mlizohifadhi za kundi hilo, angalau tano, pamoja na maelezo ya viungo na joto la tanuri. Na mitambo ipimwe kwa vijiti vya kupangusia, ambavyo dondoo lake huonyesha mstari karanga ikiwepo, eneo la sentimita 10 kwa 10, hasa kwenye pembe za mkanda na chini ya faneli ya donge. Kijiti kikitoka safi mahali penye mabaki yanayoonekana kwa macho, msikiamini: karanga ikizidi sana, mstari wa kipimo unaweza kufifia au kupotea kabisa. Zimueni dondoo mara 10, kisha mara 100, mpime upya.