Trekta dogo la kufyekea huku Malindi: anza na ardhi, nguvu ya injini itafuata

Ndugu, swali lako nimelisoma vizuri. Una ekari 5 upande wa Mayungu: ekari 1 mbele ya nyumba za wageni ni nyasi za kutunzwa, zilizobaki ni minazi, mikorosho na vichaka vinavyochipua upya kila masika. Muuzaji mmoja anakushawishi uchukue mashine ya nyasi ya kukalia yenye nguvu za farasi 24, mwingine trekta dogo la nguvu hizo hizo kwa bei ya juu zaidi, nawe unauliza tofauti iko wapi. Kazi yangu ni kutunza viwanja vya watu kuanzia Casuarina hadi karibu na Gede, na trekta dogo ndilo ninalolitegemea, kwa hiyo nivumilie nikujibu kwa urefu.

Kabla hujaongea tena na muuzaji yeyote, chukua chuma chenye ncha utembee shamba zima ukichoma ardhi kila baada ya hatua chache. Ukanda wetu huu una udongo mwembamba uliolala juu ya matumbawe ya kale. Kuna mahali jiwe liko inchi mbili chini, na kuna mahali limechomoza kabisa ila nyasi imelificha. Jiwe hilo ndilo litakalokuchagulia mashine.

Mashine ya kukalia hubeba dishi la kukatia chini ya tumbo, na visu vyake vimekazwa moja kwa moja kwenye shafti fupi. Kisu kikigonga tumbawe, shafti hupinda, beringi huanza kulia, na usipoizima mapema belti nayo inakwenda. Fremu na giaboksi yake ni nyepesi, zimeundwa kubeba mtu na kukata nyasi basi. Nyuma haina mikono mitatu ya kufungia vifaa, kwa hiyo plau na harro usizifikirie. Injini mbili zinaweza kuandikwa 24 zote, lakini chini ya injini hizo hakuna kinachofanana.

Trekta dogo lina mikono hiyo mitatu, na lina shafti ya PTO, yaani ile inayotoa nguvu ya injini nje na kuzungusha kifaa cha nyuma kwa mizunguko 540 kwa dakika. Hapo unafunga slasha, yaani kifaa cha kufyekea kinachofungwa nyuma ya trekta. Visu vya slasha vinaning'inia kwa bolti moja moja. Vikipiga jiwe vinajikunja nyuma, kisha mzunguko wenyewe unavinyoosha tena. Utausikia mlio mkali, na jioni ukipindua slasha utakuta makali yamemegeka, lakini unayanoa kesho yake na kazi inaendelea.

Halafu kuna taka ya mnazi, ambayo mtu wa Nairobi akikuuzia mashine hawezi kuifikiria. Makuti makavu, vifuu, makumbi, na hasa karara, lile ganda gumu linalofunika maua ya mnazi. Karara likiingia chini ya dishi la tumboni linajibana kati ya kisu na ukingo, mashine inanguruma pale pale, na kinachofuata ni harufu ya mpira unaoungua. Slasha hulipasua vipande ikapita. Hata hivyo nakusihi makumbi na vifuu viokotwe kabla ya kufyeka, kwa sababu slasha hurusha. Inunue yenye minyororo ya kinga mbele na nyuma, na watoto wa jirani wasikaribie kabisa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni trekta dogo lenye slasha, bila dishi la tumboni. Ile ekari 1 ya mbele, kama chuma chako hakikukutana na jiwe, nunua baadaye mashine ya nyasi ya kufunga nyuma yenye magurudumu yake manne. Inaacha nyasi laini. Kama jiwe lipo, hapo itumie mashine ya kusukuma kwa mkono, maana anayesukuma analiona jiwe kabla halijafika kisuni.

Kuhusu ukubwa, tazama nguvu inayofika kwenye PTO. Kubota BX2380 ina injini ya nguvu 22 hivi, lakini kwenye PTO inabaki kama 17.7. John Deere 1025R inakaribia 24 kwenye injini na 18 kwenye PTO. Kwa vichaka vizito mafundi hukadiria nguvu 5 za PTO kwa kila futi ya slasha, kwa nyasi za kawaida pungufu ya hapo. Matrekta ya kadiri hii yanakwenda vizuri na slasha ya futi 4 kwa nyasi na vichaka vichanga kama vyako. Ukiendesha kilomita 3 kwa saa, ukihesabu na kugeuka na kuzunguka minazi, utafyeka kama robo tatu ya ekari kwa saa. Ekari zako 4 ni kazi ya siku moja. Sioni sababu ya kulipia nguvu 40.

Gia nazo ni suala la mahali ulipo. Ya haidrostatiki, ya kukanyaga pedali mbele na nyuma, ni raha kubwa katikati ya minazi kwa sababu unarudi nyuma kila dakika. Lakini inataka mafuta safi na vichujio vyake halisi, na ikiharibika si kila fundi ataigusa. Ya gia za mkono, mfano Mahindra Jivo 245 yenye silinda 2, inachosha mguu wa klachi, ila fundi wa matrekta yeyote anaielewa. Muulize muuzaji akuoneshe kichujio, belti ya feni na sili ya PTO rafuni kwake. Kama vyote ni vya kuagiza ng'ambo, mwache. Tairi chagua pana zenye meno mafupi. Za meno marefu ya shambani zitakuchania nyasi za mbele ya wageni. Na iwe ya kuvuta magurudumu yote manne, mchanga wa Mayungu hauna huruma.

Chumvi ndiyo inayoua mashine huku kuliko kazi yenyewe. Kusi ikivuma, upepo unaleta chumvi hadi ndani ya banda. Osha trekta kila baada ya kazi, lakini si kwa maji ya kisima cha karibu na ufuo ambayo yenyewe yana chumvi. Weka tangi la maji ya mvua. Trekta likikauka, tia grisi kwenye kila nipo, vile vichuchu vya kuingizia grisi, na upake kidogo kwenye vichwa vya betri. Kama una mivinje, safisha wavu wa rediata kila siku ya kazi, majani yake membamba yanauziba na injini inachemka huku unaangalia nyasi.

La mwisho nalisema kwa uzito wote. PTO ya mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa sekunde moja. Vijana wetu wamezoea kufyeka na kikoi au shati lisilofungwa vifungo. Ncha ya nguo ikishikwa na shafti ile, hakuna mkono wa binadamu unaowahi kuichomoa. Kifuniko cha plastiki cha shafti kisitolewe hata siku moja, dereva avae suruali ya kubana, na injini izimwe kabla ya mtu yeyote kushuka kukwamua karara. Ile fremu ya kinga nyuma ya kiti pia isilazwe kwa kisingizio kwamba inagusa makuti, kata makuti.

Ukishapima na chuma, nijulishe jiwe liko wapi, na upana wa geti lako ni futi ngapi, maana kuna slasha ambazo hazitapita hapo hata trekta likipita.