Maswali ya Wasomaji: Piza za Kampala, Kuanzia Tanuri la Kuni hadi Trei ya Katwe

Ndugu wahariri, tuko marafiki wanne. Tunataka Jumamosi moja tuzunguke Kampala tuonje piza za aina mbalimbali, lakini kila mgahawa unasema yake ni ya Kiitaliano. Tutazitofautishaje, na tuanzie wapi?
*Msomaji, Ntinda*

Chagueni upande mmoja wa mji. Kololo na Kisementi mnaweza kuzimaliza kwa miguu. Kabalagala, Muyenga na Barabara ya Ggaba ni mzunguko wa siku nyingine, na Bugolobi vivyo hivyo. Mkijaribu kuziunganisha zote Jumamosi jioni, foleni itawamaliza kabla ya piza. Vituo vitatu vinatosha, na kila kituo agizeni margarita moja ikatwe vipande vinane, kila mtu apate viwili. Margarita ni nyanya, jibini ya mozarela, majani ya mrehani na mafuta ya zeituni, basi. Donge baya la unga halina pa kujificha hapo. Ile yenye kuku, nanasi na mahindi iacheni siku hiyo, kwa sababu mtakachoonja ni kuku.

Neno “Kiitaliano” kwenye menyu halisemi lolote. Mwulizeni mhudumu mambo matatu: tanuri ni la kuni, gesi au umeme, donge linaumuliwa kwa saa ngapi, na linatanuliwa kwa mkono au linasukumwa kama chapati. Mahali wanapojua kazi yao watajibu papo hapo, au watamwita mpishi. Piza ikifika, inueni kipande mtazame chini kabla ya kuuma.

Piza ya Napoli, mji wa Italia, ina madoa meusi madogo madogo chini na ukingoni, na ukingo wake umefura sentimita moja hadi mbili. Chama kinacholinda piza hiyo, kilichoundwa Napoli mwaka 1984, kinataka donge la gramu 200 hadi 280 litanuliwe kwa mkono, na liokwe sekunde 60 hadi 90 kwenye joto la nyuzi 430 hadi 485 za Selsiasi. Kwa hiyo ni laini, na ncha ya kipande huinama. Hiyo si kasoro. Wenyewe huikunja, au huila kwa kisu na uma.

Ya Roma ya duara ni kinyume kabisa: donge husukumwa kwa kifimbo hadi liwe jembamba, na ukikivunja kipande lazima kilie. Kikiinama, imeiva nusu au imekaa sana. Roma wana nyingine ya trei, yenye maji mengi kwenye donge, inayokatwa kwa mkasi na kuuzwa kwa uzito.

Ya New York, ambako duka la Lombardi's lilianza kuuza piza mwaka 1905, ni pana, kiasi cha sentimita 45. Hutumia mozarela kavu ya kukwaruzwa, na huokwa kwa moto wa wastani wa nyuzi 300 hivi kwa dakika kadhaa. Chini yake ni kahawia ya sawasawa bila madoa. Kunja kipande kwa urefu: ncha inapaswa kusimama. Piza nyingi za migahawa yetu ya gesi ziko karibu na hii kuliko Napoli, hata kama ukutani kuna picha ya Vesuvio, mlima wa volkano wa Napoli.

Ya Chicago ni ya sufuria yenye kina, jibini chini na sosi ya nyanya juu, na inahitaji zaidi ya nusu saa ovenini. Mkiletewa “Chicago” baada ya dakika kumi, hiyo ni piza nene tu.

Anzeni na tanuri la kuni mkiwa bado na njaa, kisha nyembamba, mmalizie na ya trei, maana hiyo hushibisha. Kunyweni maji kati ya vituo. Soda tamu hufanya kila sosi ya baadaye ionekane chachu. Na tafadhali msihukumu ya Napoli kwa kuwa haikulia, wala ya Roma kwa kuwa haikuwa laini. Kila moja ina sheria zake, na raha ya mzunguko huu ni kuzijua.

Nilikula piza ya tanuri la kuni, katikati ikawa maji maji. Mhudumu akasema ndivyo inavyotakiwa. Nilidanganywa?
*Msomaji, Bugolobi*

Inategemea. Sogeza jibini na nyanya kwa uma, utazame donge lenyewe. Likiwa na vishimo vya hewa na limeshikana, ni laini tu, na mhudumu alisema kweli. Ukiona utando mweupe unaonata kama uji chini ya sosi, donge ni bichi, na una haki ya kuirudisha.

Sababu huwa chache. Mozarela mbichi isiyochujwa maji kwa saa kadhaa hufanya kidimbwi. Nyanya zetu za sokoni, nzuri kama zilivyo, zina maji mengi, na zikisagwa zikapakwa bila kuchujwa matokeo ni yaleyale. Sababu inayosahaulika zaidi ni sakafu ya tanuri. Kila piza inayowekwa huinyonya joto, na piza nyingi zikifuatana bila kupumzika, sakafu hupoa huku kuba la juu bado linawaka. Juu huungua, chini hubaki pauka. Hili hutokea sana siku za ofa ya mbili kwa bei ya moja. Nenda mapema jioni, tanuri likiwa limekwisha kupata moto na wateja bado wachache.

Je, pepperoni, ile soseji ya juu ya piza, hapa Kampala ni ya nguruwe?
*Msomaji Mwislamu, Kawempe*

Ipo ya nguruwe na ipo ya ng'ombe, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Uliza, kisha uliza na la pili: je, koleo la tanurini na gurudumu la kukatia ni yaleyale kwa piza zote? Jikoni penye nguruwe, hata margarita hupita kwenye vifaa hivyo. Ukitaka moyo utulie, nenda mgahawa ambao jiko lake lote ni halali.

Piza ikiletwa na boda hufika imelegea kama chapati ya jana. Nifanye nini?
*Msomaji, Kira*

Mvuke ndio unaoilegeza. Omba isikatwe, kwa sababu sosi hupenya kwenye mikato, na boksi lilazwe, lisisimamishwe. Usiagize ya Napoli kwa safari ndefu. Ya New York na ya trei huvumilia zaidi. Ikifika, weka kikaangio kikavu kwenye moto mdogo, tia kipande dakika tatu hadi chini kukauke, dondosha matone machache ya maji pembeni (si juu ya piza), funika dakika moja. Maikrowevu itailegeza zaidi.

Nina ovena ya kawaida ya gesi isiyozidi nyuzi 250. Kuna aina ninayoweza kuipika nyumbani ikatoka vizuri?
*Mama wa watoto watatu, Jinja*

Ipo, mama: ya Detroit, mji wa Marekani. Ilianza mwaka 1946 kwenye trei za chuma za mstatili, na haihitaji moto wa tanuri la kuni. Kazi kubwa hufanywa na trei. Mafundi wa chuma wa Katwe, Kampala, watakutengenezea ya sentimita 25 kwa 35, kina sentimita 5, lakini sema wazi kwamba unataka chuma cheusi, si mabati. Mabati yana zinki, na tindikali ya nyanya huila zinki ikaingia chakulani. Trei mpya isugue kwa sabuni, ikaushe, ipake mafuta kidogo sana, iweke ovenini saa nzima.

Donge: unga wa ngano wa mkate gramu 300, maji ya uvuguvugu mililita 220, hamira kijiko kimoja cha chai, chumvi gramu 7. Litakunatia mikononi. Usiongeze unga! Maji hayo ndiyo yanayofanya ndani pawe na vishimo. Kanda dakika kumi, funika hadi liongezeke mara mbili. Jinja iko juu ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari na hali ya hewa ni ya joto, hivyo linaweza kuumuka haraka kuliko mapishi ya ughaibuni yanavyosema. Fuata donge, si saa.

Paka trei mafuta vijiko viwili vya chakula, tandaza donge kwa vidole. Likijirudisha, usilivute kwa nguvu, litachanika. Liache dakika 15 kisha endelea. Likifika pembeni, liache liumuke tena kwa nusu saa au zaidi.

Jibini gramu 300, nusu mozarela kavu, nusu gouda, ikatwe vipande vidogo vya mraba. Itandaze hadi iguse kuta za trei pande zote. Hapo pembeni ndipo inapoyeyuka, ikakaangika na kuwa ukingo wa kahawia unaovunjika kwa mlio, na bila ukingo huo si Detroit. Sosi ipikwe hadi kijiko kiache njia kwenye sufuria, kisha imwagwe juu ya jibini kwa mistari mitatu.

Washa ovena kwa moto wake wote nusu saa kabla. Weka trei rafu ya chini kabisa, karibu na moto, dakika 15 hadi 20. Usitazame juu peke yake: pitisha kisu pembeni, inua kona. Chini pakiwa bado peupe, rudisha dakika nne, na juu pafunike kwa foili kama pameanza kuungua. Itoe kwenye trei mara moja uiweke juu ya wavu, ama sivyo mvuke utaharibu ule ukavu wa chini ulioufanyia kazi.