Swabra, kuhusu asaimenti yako

Mwanangu Swabra,

Waalaikum salaam, sisi wazima, babako mzima, ni joto tu ndo latumaliza. Meseji yako nimeisoma. Wasema lekchara amewapa makala ya yule Horace Miner ya 1956, ya kabila la Nacirema, watu wanaojitia mdomoni kibunda cha nywele za nguruwe na unga wa dawa kila siku, na kila nyumba ina chumba cha ibada na kasha la hirizi ukutani, kumbe ni Wamarekani na miswaki yao na kabati la dawa la bafuni, jina tu limeandikwa kinyumenyume. Sasa na nyinyi muandike hivo hivo kuhusu kwenu, na wewe waniuliza, mama, nikiwaandika watu wa Malindi namna hio si ntakuwa nawadharau?

Andika. Miner mwenyewe alikuwa Mmarekani akiwasema Wamarekani wenzake. Na usidhani hii kazi ilianzia chuo kikuu, hapa Malindi nani amewachunguza Wataliano kushinda dada wa kazi, askari wa geti na mpishi? Mi nimepika kwenye nyumba zao tangu wewe wanyonya, wao hawakujua kama naandika kichwani. Ni watu wanaolala juani kwa hiari yao! Sisi twatafuta muembe, wao wajipaka mafuta na kujigeuza huku na huku kama samaki wa kuchoma. Kahawa ya maziwa ni ya asubuhi peke yake, mgeni wa Nairobi akiitaka baada ya chakula cha mchana wanatazamana na kunyamaza. Na tambi hazivunjwi. Kuna dada mmoja mpya alizikata mbili mbili zienee sufuriani, mwenye nyumba akashika kichwa, nilidhani kapigiwa simu ya msiba. Huyo huyo siku ya Idi nkampelekea tambi zetu, za tui na sukari na iliki na zabibu juu, akaonja kijiko akaniuliza kwa upole kabisa, nani alikufundisha hivi? Tangu hapo alikuwa akinionea huruma.

Sasa tugeukie sisi. Mi ningeanza jikoni. Mwanamke wa kabila hili hukaa juu ya mnyama wa mbao asiye na kichwa ila ana ulimi wa chuma wenye meno, akamsugulia tunda gumu mpaka nyama yake yote iishe, halafu nyama ile hairuhusiwi kuliwa, huoshwa na maji, ikakamuliwa, yakanywewa na wali yale maji meupe, na makapi wakapewa kuku. (Mbuzi yangu ya kukunia nazi imekatika mguu, kumbusha babako, mi nimechoka kusema.) Jua likishachomoza saa ya ukutani yaonyesha saba, watu wazima na akili zao waitazama ile saba wakasema ni moja, na hakuna anayebisha. Mgeni akija asimama nje ya mlango ulio wazi, aona viatu, asikia redio, lakini hodi mara tatu asipojibiwa aenda zake hata kama ametoka Mambrui na jua lile.

Hapo hujadharau mtu, umesema ulichokiona. Taabu ni pale utakapoanza kueleza kwa nini. Waikumbuka ile nguzo ya Vasco da Gama skuli walikuwa wakiwapeleka? Wareno walipofika hapa 1498 kuna mtu kwenye zile meli zao aliweka daftari, akaandika kuhusu siwa, yale mabaragumu makubwa, mbili za pembe za ndovu, urefu wa mtu, zapigwa kwa tundu la ubavuni. Sawa kabisa, nenda jumba la makumbusho Lamu uione ile ya kisiwa cha Pate, tundu lipo ubavuni vile vile. Lakini hapo hapo Malindi wakawaonyesha mabaharia wa Kihindi picha ya Maryamu, wale wakainama kwa heshima, basi kwenye daftari wakawa Wakristo. Kuinama waliinama kweli, ila huo Ukristo wao Wareno walikuja nao kwenye meli.

Ndo kama ule udi. Yule mama wa tambi alinikuta nimetandaza buibui juu ya chetezo cha kufukizia udi, akaenda kuwaambia wenzake ati twafukuza mashetani. Mi nilikuwa naenda arusini nataka ninukie, basi. Lakini nyanyako angekuwepo angemwambia ndio, mashetani, na angempa na majina yao! Kwahivo usichukue jibu langu ukaandika watu wa Malindi wasema, uliza watu, na wakipingana andika wamepingana, lekchara akikata maksi ni yeye.

Ile ya singo, manukato ya kumsugua bi arusi, na bi arusi kufungiwa ndani mpigie shangazi yako, si mimi, yeye ndo huwa mle chumbani na wasuguaji, na ukitaja kama niliwahi kukueleza atakwambia mamako hajui kitu. Jina la dadako usilitie, bado ana hasira na zile picha. Na bando nimekutumia, usiimalizie tiktok.

Mamako