Kutembea ufukwe wa Watamu: uliza mwezi kwanza

Wageni wangu kutoka bara wakitaka kuja Watamu, huku pwani ya Kenya, huniuliza wikendi ipi mimi nina nafasi. Nafasi yangu si kitu. Cha kuuliza ni mwezi umeandama lini.

Matembezi yenyewe ni mepesi. Unaanzia kijijini Watamu, unashuka ufukweni, unafuata pwani kuelekea kusini: ghuba ya Watamu, Blue Lagoon, Turtle Bay, Garoda, hadi pale hori la Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, linapofungukia baharini. Haifiki kilomita 10 na hakuna kilima hata kimoja. Shangazi mwenye magoti mabovu anaiweza, mradi asiharakishwe.

Shida ni kwamba ghuba hizi zimetenganishwa na rasi za mwamba. Maji yakijaa, mawimbi yanagonga jiwe moja kwa moja na njia imekatika; itakubidi upande barabarani, uzunguke na bodaboda na vumbi, kisha ushuke tena. Maji yakipwa, unapita chini ya rasi kwa mchanga mgumu uliolowa, tena hata vile visiwa vidogo vya mawe unavifikia kwa miguu.

Kwa hiyo nenda bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida: mwezi mchanga au mwezi mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana kazi rahisi, tarehe 1 hadi 3 au 15 hadi 17. Uzuri wa pwani yetu ni kwamba siku za bamvua maji hupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi, na kila siku huchelewa kwa dakika 40 hadi 50. Toka kijijini saa mbili na nusu, maji yanakukimbia mbele ya miguu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: asubuhi bahari imejaa, na hata ikipwa alasiri haiendi mbali. Siku hizo kaa nyumbani au nenda ukaone magofu ya mji wa kale wa Gede, ambayo tangu 2024 yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Usipite mbio kwenye visiwa vya ghuba ya kwanza. Bahari imevila chini vikabaki kama uyoga, juu vichaka, chini kiuno chembamba. Inama uchungulie. Kwenye vidimbwi vilivyobaki utaona viti vya pweza (wale wenye umbo la nyota), majongoo bahari, kaa wadogo wanaorudi shimoni ukikohoa tu, na yule mdudu mweusi wa miiba mirefu ambaye ndiye sababu ya mimi kusisitiza viatu. Sandak za plastiki zinatosha kabisa. Ndara hapana, zinanasa matopeni na kukatika. Huko mbele kwenye mwamba utaona watu wameinama na vyuma vyao wakichokoa pweza. Wasalimie, lakini usiwafuate hadi ukingoni. Wao wanajua bahari inarudi kwa njia ipi.

Ukiona simbi nzuri, iache. Hii ni hifadhi ya bahari tangu 1968, kati ya za mwanzo barani Afrika, na kuokota simbi au matumbawe ni marufuku. Kasa hupanda fukwe hizi kutaga mayai usiku, kwa hiyo ukikuta mchanga umechimbwa na alama pana za mburuzo kutoka majini, zunguka mbali. Wanaotaka kuwaona kasa wenyewe wapite Local Ocean Conservation, wanaotibu waliojeruhiwa au kunaswa na nyavu.

Kuhusu kuogelea, maji yakiwa yamekupwa kabisa utakachopata ni kulowesha magoti. Mimi hutembea hadi Garoda, napumzika chini ya mivinje, halafu narudi Turtle Bay kuyapokea maji. Kuanzia saa sita au saa saba ghuba inajaa taratibu, maji yamepata moto kwa kupita juu ya mchanga uliokaangwa na jua, na mwamba wa nje unazuia mawimbi makubwa. Watoto waingie hapo. Kwenye mdomo wa Mida msiingie hata kama maji yametulia kama kwenye bilauri. Hori zima, na mikoko yake yote, linajaa na kumwagika kupitia mlango ule mmoja, na mkondo wake haumsikilizi anayejua kuogelea.

Msimu nao una neno. Kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari ni shwari na upepo unakusukuma mgongoni. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikikaza, mwani hutupwa ufukweni kwa marundo na mchanga unakupiga usoni. Wakati huo geuza safari, anzia Garoda umalizie kijijini.

Beba maji mengi kuliko unavyodhani, leso ya kujitanda na kofia. Mahamri na mbaazi nunua kijijini kabla hujashuka, maana huko mbele ni hoteli, na bei zake ni za hotelini. Vijana wa ufukweni watakufuata wakiuza safari za mashua na vikuku. Jibu salamu, sema "leo natembea tu", na uendelee. Askari wa hoteli akikutazama vibaya usibabaike. Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya kinasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Tatizo halisi ni vichochoro vya kushukia, vingi vimebanwa na kuta, basi kabla ya kuanza waulize wenyeji wapi utapanda ukichoka.

Ukimaliza na bado una nguvu, chukua tuktuk hadi Dabaso, kando ya hori la Mida, patana nauli ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda. Kikundi cha wenyeji kina mkahawa wa mbao juu ya mikoko, na samosa zao za kaa zina haki ya kusifiwa. Ufukwe wa Watamu unatazama mashariki, machweo ya juu ya maji utayapata huku. Fika kabla ya saa kumi na moja kama unataka meza ya mbele, na uje na dawa ya mbu.