Maswali ya Wasomaji: Kalamu za Kubonyeza Kwenye Kerezo

Barua za safari hii kutoka Tabora na wilaya zake zimeelemea kalamu za mbao za kubonyeza. Tumechagua nne.

*Shikamoo fundi. Nina kerezo dogo la mezani na nimezoea kalamu za kuzungusha. Sasa nataka za kubonyeza, lakini seti (vifaa vya chuma vya kuundia kalamu) ni nyingi na bei zinapishana. Nitazame nini? (Msomaji, Kanyenye)*

Marahaba. Tazama kwanza mrija wa wino, rangi ya chuma baadaye. Kalamu nyembamba za kuzungusha kwa kawaida hutumia mrija wa aina ya Cross. Nyingi za kubonyeza hutumia aina ya Parker, mnene zaidi, urefu wake takriban milimita 98, nao hutengenezwa na viwanda vingi. Seti inayotaka mrija wake peke yake iache, maana wino ukiisha kalamu imekwisha.

Kisha uliza kama sehemu ya kubonyeza inafungwa kwa uzi wa skrubu. Ikifunguka, mrija wa wino unabadilishwa na kosa linarekebishika. Ikiwa inashindiliwa moja kwa moja, ukikosea umekosea. Kwa anayeanza tunapendekeza seti ya mrija mmoja wa shaba njano, ule unaogandishwa ndani ya mbao: unatoboa kipande kimoja tu, na huhangaiki kulinganisha nyuzi za mbao mbili.

Kabla ya kulipa, jua biti inayotakiwa. Ziko seti za milimita 7, za 8, za inchi 3/8 na za 10. Bushi (pete za kupimia unene wakati wa kukereza) za seti moja mara nyingi hazifai nyingine, hivyo nunua seti tano za aina moja pamoja na bushi zake kuliko aina tano tofauti. Dhahabu ya kawaida hufifia mapema pale vidole vinaposhika. Kromu hudumu.

*Nimemaliza kalamu nne. Kwenye mbili ncha hairudi ndani hata nikibonyeza mara ngapi. Moja ncha inachungulia kidogo tu, haiandiki. Moja ni nzima. Seti ni za aina moja. Tatizo ni springi? (Msomaji, Urambo)*

Springi mara nyingi husingiziwa. Kalamu ya kubonyeza ni suala la urefu. Ncha ya chuma inakaa chini ya mrija wa shaba, sehemu ya kubonyeza inakaa juu yake, na umbali kati yao ndio unaoamua mrija wa wino usimame wapi. Kila nusu milimita uliyoikata kwenye shaba ni nusu milimita ya ncha inayobaki nje.

Kosa hilo hutokea wakati wa kusawazisha miisho ya kipande cha mbao chenye mrija ndani. Kile kikata-miisho kinatakiwa kula mbao, kifike kwenye shaba, kisimame. Dalili ya kusimama ni duara la shaba linalong'aa mzunguko mzima. Ukiendelea kwa sababu mbao bado ina kovu upande mmoja, unafupisha kalamu. Weka mrija mmoja mpya wa seti hiyo kando na uulinganishe na kipande chako kabla ya kukereza. Kikiwa kifupi hata kidogo, kiweke pembeni.

Kwa hizo mbili, jaribu kwanza mrija mwingine wa wino, maana urefu hutofautiana kidogo kiwanda na kiwanda. Ikishindikana, fungua sehemu ya kubonyeza, weka washa nyembamba ya nusu milimita kati ya bega lake na pete iliyoshindiliwa, kisha funga. Isipotosha, ongeza ya pili.

Ile inayochungulia ina kosa la kinyume: kuna kitu hakijafika mwisho. Kagua kama ncha au pete ya juu imeacha mwanya, kama mbao imezidi shaba, au kama gundi iliyoganda ndani inazuia. Gundi hiyo ikwangue kwa kisu chembamba au tupa ya mviringo. Ukiishindilia kwa nguvu, mbao itapasuka. Kuizuia mapema ni rahisi: kabla ya kupaka gundi, ziba miisho ya mrija kwa nta, au uichomeke kwenye kipande cha kiazi mbichi.

*Kalamu zangu za mpingo hutoka vizuri, lakini baada ya wiki kadhaa hupasuka kwa urefu. Natumia supa gluu. (Msomaji, Sikonge)*

Shaba hainywei, mbao hunywea. Mpingo ulio na maji ukigandishwa kwenye mrija, kiangazi cha Tabora kikikaza unavutwa pande zote na unafunguka palipo dhaifu. Kata vipande mapema, paka nta kwenye miisho, na uvipime kwenye mizani ya jikoni kila wiki. Toboa pale uzito utakapoacha kushuka, si kabla.

Joto nalo huchangia. Mpingo ni mzito na mgumu. Biti butu huuchemsha, na nyufa ndogo huzaliwa ndani usipoziona. Toboa polepole, vuta biti nje kila baada ya milimita 5 au 6 kuondoa unga, na usikisugue kipande kwa msasa mpaka kikaunguza mkono. Mpingo una mafuta pia: futa tundu kwa asetoni, kwaruza mrija kwa msasa namba 150, na tumia epoksi badala ya supa gluu. Inachelewa kukauka, lakini inajaza nafasi na haigandi mrija ukiwa nusu njia.

Wakati unasubiri mpingo ukauke, fanya mazoezi kwa mninga. Hunywea kidogo sana, na mabaki yake hupatikana kwa maseremala. Ila vaa barakoa: vumbi la mninga huwasha pua na kubana kifua kwa baadhi ya watu.

*Sina presi ya kuunganishia. Jiliwa la kawaida linafaa? (Msomaji, Cheyo)*

Linafaa kabisa, ukiweka vibao laini kwenye meno yake yote mawili. Shindilia ncha kwanza. Kisha vika kibanio kwenye pete ya juu, kielekeze upande wenye nyuzi nzuri, na ushindilie pete ikiwa peke yake. Kamwe usibane juu ya kitufe cha kubonyeza, kwani vijino vyake vya ndani vitavunjika. Kaza robo mzunguko, tazama kama kipande kimenyooka, kaza tena. Kikianza kuinama, legeza na uanze upya. Mwisho vika springi kwenye shingo ya mrija wa wino, ingiza, funga sehemu ya kubonyeza kwa vidole tu, na ubonyeze mara kumi kabla ya kumpa mtu.