Moyo kushindwa kazi si moyo kusimama

Pole sana dada, umeuliza kama moyo wa mama yako umesimama. Daktari aliposema moyo wa mama "umeshindwa kazi", hakumaanisha umesimama. Unapiga, ila umechoka, hausukumi damu ya kutosha mwili mzima. Damu ikirudi nyuma, maji yanajaa kwenye mapafu na miguuni. Ndiyo maana, kama ulivyosema, analalia mito mitatu: akilala chali pumzi inakata. Mbonyeze kwa kidole juu ya kifundo cha mguu; shimo likibaki, hayo ni maji, si unene. Kikohozi cha usiku nacho watu wengi hukitibu kama mafua miezi mizima, kumbe huenda ni moyo.

Umesema ana presha ya miaka mingi na dawa humeza "akijisikia vibaya". Mara nyingi chanzo ni hapo hapo. Aombewe kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), kinaonyesha moyo unasukuma kwa nguvu kiasi gani.

Nyumbani, chumvi ipungue (na zile kyubu za mchuzi pia, zimejaa chumvi). Mpime uzito kila asubuhi akishatoka msalani. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, mrudishe kliniki. Diklofenaki na ibuprofeni za maumivu ya magoti asimeze bila kumuuliza daktari, zinazuia maji yasitoke. Vidonge vya kukojoa asiviache eti kwa sababu miguu imenywea.

Akihema akiwa amekaa tu, akizimia, au kifua kikibana, msisubiri asubuhi, mpelekeni hospitali usiku huo huo.